Shajara ya tasnifu ya uzamili: taarifa ya mapato na matumizi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Pendekezo la utafiti limepitishwa na jopo leo, kwa sharti kwamba nilirekebishe ndani ya wiki mbili. Nimemaliza masomo ya darasani ya Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma na Usimamizi wa Maendeleo, na sasa imebaki tasnifu. Swali nililolitetea ni kwa nini wananchi hawahudhurii Mkutano Mkuu wa Kijiji, ilhali Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua mkutano huo kuwa chombo cha juu cha maamuzi kijijini, kinachomjumuisha kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kinachopaswa kukutana walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Nitafanya kazi katika vijiji vitatu vya wilaya moja ya Mkoa wa Dodoma. Nitaviita Kijiji cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu, kwa kuwa kila kijiji kina mtendaji mmoja tu, na kukitaja kijiji ni kumtaja yeye.

Mjumbe mmoja wa jopo alitaka nilinganishe na Kenya, akitaja kwamba wiki iliyopita Mahakama ya Rufani ya huko ilibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na suala la ushirikishwaji wa wananchi likiwa miongoni mwa hoja. Ni mfano mzuri, lakini Kenya ina kaunti 47 zenye mabunge yake na mahakama zinazopokea malalamiko ya aina hiyo kila mara. Mimi ninachunguza kikao kinachofanyika chini ya mbuyu. Nimeandika aya moja ya kueleza kwa nini sitalinganisha. Mwingine alishauri nitumie ngazi nane za ushiriki zilizopendekezwa na Sherry Arnstein mwaka 1969, kuanzia wananchi kuhadaiwa hadi wananchi kushika hatamu. Nimekubali, ingawa ngazi hizo zilitokana na mipango ya miji ya Marekani, na sina hakika kama zitasimama vizuri kwenye udongo wa Dodoma.

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Barua. Ya chuo imekwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye ataandika kwa wilaya na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye ataandika kwa Mtendaji wa Kata, ambaye atamwarifu Mtendaji wa Kijiji. Nilikaa masjala siku nzima nikiambiwa kwamba faili liko kwenye mzunguko. Sikukasirika sana, kwa sababu nilipata nafasi ya kuona jambo nililokuwa nimelisoma darasani tu: kila ofisi niliyopita ilihakikisha kwanza kwamba ofisi iliyo juu yake imeandika, na hakuna hata moja iliyouliza kama wanakijiji wangependa nije.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Nimeandika rasimu ya sura ya pili, na sehemu ya historia imerefuka kuliko nilivyopanga. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey, na halmashauri za wilaya zikafutwa. Jina lilisema madaraka yanapelekwa mikoani, na kweli yalipelekwa, lakini waliopelekewa ni maofisa wa Serikali Kuu waliohamishiwa huko, huku madiwani waliochaguliwa wakiondoka. Mwaka huohuo, Mzumbe, iliyokuwa imeanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa wakati wa ukoloni, ikageuzwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Kwa maneno mengine, fani ninayoisoma ilipata chuo chake hapa nchini katika mwaka uleule ambao halmashauri zilivunjwa. Sidai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Ninachosema ni kwamba utawala wa maendeleo, kama tulivyoupokea, ulizaliwa ukimtazama ofisa anayepanga, na mwananchi aliingia baadaye kama mtu wa kushirikishwa.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na ibara ya 146 ya Katiba sasa inasema kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ilitoka sera ya maboresho iliyosisitiza ugatuaji. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee bado huiita kodi ya kichwa, ilifutwa, na hapo watu wengi walipumua. Lakini kijiji nacho kikazidi kutegemea fedha zinazoteremka kutoka juu. Nimeweka alama ya kuuliza pembeni mwa sentensi hii ya mwisho. Mtu asiyetozwa ana sababu gani ya kwenda kusikiliza mapato na matumizi? Nilidhani hapo ndipo jibu langu lilipo.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Siku ya tatu katika Kijiji cha Kwanza. Ofisi ina chumba kimoja, meza, kabati la chuma lisilofungika, na kaunta buku nne zenye mihtasari. Mtendaji ni kijana wa miaka kama thelathini, mwenye mwandiko mzuri, naye alinipa daftari zote bila kusita na kuniambia, "Soma tu, Dada, hakuna siri humu." Nilikuwa nimejiandaa kwa mahojiano na dodoso, daftari nilizihitaji kwa ajili ya kuhesabu mahudhurio tu.

Lakini hesabu imenishinda kwa sababu nisiyoitarajia. Kwa muhula wa uongozi ulioanza baada ya uchaguzi wa Novemba 2019, ningetarajia mikutano mikuu minne kwa mwaka, yaani karibu 20 hadi sasa. Mihtasari niliyoipata haifiki nusu ya hiyo. Katika ile iliyopo mahudhurio ni mazuri, na orodha za majina na saini zinajaza kurasa mbili mpaka tatu. Kwa hiyo swali langu la kwa nini watu hawaji halina mguu: watu huja pale mkutano unapoitishwa, na tatizo ni kwamba hauitishwi.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa umeanza jana na mtendaji hana dakika moja ya kunipa, na kwa haki kabisa. Nimerudi mjini.

Jumanne, 3 Desemba 2024

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Novemba. Nimefika Kijiji cha Pili nikiwa na matumaini makubwa ya kushuhudia makabidhiano, na nimekuta kwamba mtendaji niliyezungumza naye kwa simu mwezi Septemba amehamishiwa kata nyingine, aliyekuja ana wiki mbili, na daftari la mihtasari haliko ofisini. Baada ya kuulizauliza tuliambiwa liko nyumbani kwa mwenyekiti aliyemaliza muda. Tulikwenda pamoja. Mzee alitukaribisha vizuri, tukaketi kivulini, tukapewa togwa, na baada ya mazungumzo marefu kuhusu mvua akalitoa kwenye sanduku, limefungwa katika mfuko wa nailoni pamoja na risiti za saruji. Alieleza kwamba alilihifadhi kwa sababu ofisi inavuja na kabati halina kufuli, na kwamba watendaji huja na kwenda, ila yeye yupo.

Nimeifikiria kauli hiyo jioni nzima. Kwa utaratibu, mtendaji ndiye katibu na mtunza kumbukumbu. Ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, anaweza kuhamishwa kwa barua moja, na Mkutano Mkuu hauna uwezo wa kumwajiri wala kumwondoa. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, hana mshahara, na hana pa kuhamia. Daftari lilipokaa kwa mzee lilikuwa limekaa kinyume cha utaratibu, lakini lilikuwa kavu.

Ndani yake nilikuta jambo lilelile la Kijiji cha Kwanza, na safari hii nilikuwa na akili ya kunakili ajenda za kila mkutano, si mahudhurio pekee.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Leo nimehudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji cha Tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Uliitishwa kwa mbiu ya jana jioni, ukapangwa saa nane mchana kwa sababu asubuhi watu wako mashambani wakipalilia mtama na alizeti, na ukaanza saa tisa na nusu. Ajenda zilisomwa kwa mpangilio ninaoujua sasa kwa moyo: kufungua mkutano, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya mapato na matumizi, ajenda yenyewe ya siku, mengineyo, kufunga. Muhtasari uliopita haukusomwa, kwa maelezo kwamba uliandikwa na uongozi uliotoka, na kwa kuwa haukusomwa hakukuwa na yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi iliahirishwa mpaka mtunza hazina apatikane. Ajenda ya siku ilikuwa kuridhia eneo la kujenga madarasa, na hiyo ilijadiliwa kwa zaidi ya saa moja, kwa makini na kwa mvutano wa kweli kuhusu mpaka wa shamba la familia moja.

Kwenye mengineyo alisimama mama mmoja wa makamo, akauliza kwa Kigogo, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya sisi wageni, kwamba fedha za kukodisha uwanja wa mnada kwa mwaka jana zilikwenda wapi. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti mpya alijibu kwamba swali limepokelewa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mtendaji na nilikuwa naona kalamu yake, haikusogea.

Sisemi kwamba alificha. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa utulivu kwamba muhtasari huandika maazimio, na swali lile halikuzaa azimio. Ni jibu sahihi kwa mujibu wa mafunzo tuliyopata sote.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimetandika kila kitu mezani: upande mmoja tarehe na ajenda za mikutano ya vijiji vyote vitatu, upande wa pili barua zilizomo kwenye mafaili ya vijiji, zilizotoka kata na wilaya. Kazi hii imechukua wiki nzima, nami nimeifanya kwa penseli kwanza kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta, kwa sababu nilitaka kuona mistari ikikutana.

Imekutana. Karibu kila mkutano wenye muhtasari uliokamilika una barua iliyoutangulia, na barua hiyo inaomba kitu ambacho hakiwezi kwenda mbele bila muhtasari kuambatishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kugawiwa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu, kwa hiyo kuna mihtasari ya ardhi. Kaya za walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, hutambuliwa mbele ya mkutano, kwa hiyo kuna mihtasari ya TASAF. Kuna ya madarasa, ya zahanati, ya kisima. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyopewa nguvu ya sheria mwaka 2018 kwa mgawo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo imeacha alama yake: vikundi vilihitaji kutambuliwa na serikali ya kijiji, na vikao vya kuvitambua vinaonekana mpaka mwanzoni mwa 2023, vinakatika Serikali iliposimamisha mikopo hiyo mwezi Aprili mwaka huo, na vinaanza kuonekana tena iliporejeshwa mwaka 2024 chini ya kanuni mpya. Kalenda ya mikutano ya kijiji, kwa hiyo, imepangwa mahali pengine.

Taarifa ya mapato na matumizi haina barua inayoiomba hivyo. Inatakiwa kisheria, inatajwa katika kila waraka, inaulizwa na viongozi wa juu wanapofanya ziara, lakini hakuna fomu itakayokwama wilayani kwa kukosa kiambatisho chake. Ndiyo maana huahirishwa, na ikiahirishwa hakuna kitu kinachosimama.

Nimefuta kichwa cha pendekezo langu. Swali jipya ni hili: muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaandikwa ili usomwe na nani?

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimekutana na msimamizi. Nilitarajia ugomvi kuhusu kubadilisha swali katikati ya safari, nao haukutokea, ulitokea mwingine. Nilikuwa nimeandika pendekezo la kisera lenye furaha nyingi, kwamba halmashauri isiruhusu fedha yoyote ya mradi kwenda kijijini mpaka kijiji kiambatishe muhtasari unaoonyesha kuwa mapato na matumizi yalisomwa. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaniuliza ni siku ngapi zitapita kabla ya mihtasari hiyo kuanza kuandikwa mezani bila mkutano wowote kufanyika. Nilijaribu kujitetea kwa orodha za saini. Akaniuliza nani atazikagua, na kama huyo atakayezikagua si yuleyule ofisa ambaye sura yangu ya nne inasema ndiye msomaji pekee wa muhtasari. Nilinyamaza.

Hata hivyo sikubaliani naye kikamilifu, nami nimeandika hivyo. Kiambatisho kina heshima yake. Bila sharti la idhini katika sheria ya ardhi, yule jirani wa uwanja wa madarasa asingepata saa nzima ya kubishia mpaka wake mbele ya watu. Mikutano niliyoikuta ilikuwa hai kwa sababu kulikuwa na kitu kisichoweza kupita bila hiyo. Tofauti niliyoanza kuiona ni kwamba katika ardhi mwananchi mwenyewe anajua anachopoteza na ana sababu ya kwenda kubisha, kwa hiyo muhtasari wa uongo una mtu wa kuukana. Katika fedha za mnada hakuna mtu mmoja aliyepoteza. Wamepoteza wote kidogokidogo, na mama yule wa Januari ni mmoja tu aliyesimama.

Ngazi za Arnstein nimeziacha kwenye sura ya pili kama heshima kwa jopo. Hazinisaidii. Mkutano wa madarasa ungepanda ngazi ya sita, ile ya ubia, bila shida, na mkutano huohuo, dakika arobaini baadaye kwenye mengineyo, ungeteremka mpaka ya kwanza.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Sura ya nne, kurasa 31. Kompyuta ilizimika mara moja na hakuna kilichopotea.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Nilikuwa nimeahidi kwenye fomu ya maadili kwamba matokeo yatarudishwa kijijini. Nilipewa nafasi Kijiji cha Tatu, katika mkutano ulioitishwa kwa jambo lingine, nami nikawekwa kwenye mengineyo. Nilizungumza kwa dakika ishirini, bila takwimu, nikieleza nilichosoma kwenye daftari zao na kwenye barua. Nilieleza kwamba sheria inawapa haki ya kusomewa mapato na matumizi, na kwamba muhtasari uliopita ukisomwa ndipo yatokanayo hupatikana. Mwenyekiti alisikiliza kwa adabu. Vijana waliuliza kama utafiti wangu utaleta mkopo.

Kisha mama yule alisimama tena. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mwenyekiti na kusema kwamba kama yatokanayo hutokana na muhtasari, basi swali lake la mnada liandikwe leo, ili mkutano ujao liwe yatokanayo. Kulikuwa na kicheko, kisha mzee mmoja akasema liandikwe, na wengine wakaitikia.

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mtendaji amenitumia kwa simu picha ya muhtasari wa tarehe 24, kama nilivyomwomba. Ajenda yangu ni namba 6. Imeandikwa hivi: mtafiti alitoa elimu kwa wananchi kuhusu utawala bora, wananchi walimpongeza. Chini yake, kwa mwandiko uleule lakini kwa wino tofauti, kana kwamba sentensi iliongezwa baada ya daftari kufungwa na kufunguliwa tena, imeandikwa: mjumbe aliuliza kuhusu fedha za mnada, itajibiwa kikao kijacho.

Baada ya picha alituma ujumbe mwingine akiomba nakala ya barua yangu ya chuo iliyopigwa muhuri, kwa kuwa kata imeuliza mkutano ule ulikuwa wa nini na yeye hana cha kuambatisha. Nimeituma. Picha ya muhtasari nimeiweka kiambatisho namba 7 cha tasnifu, jina la kijiji likiwa limezibwa, na nimemwandikia msimamizi kuuliza kama tarehe ya mkutano ujao, ambayo kwa hesabu ya miezi mitatu inaangukia Agosti, inaweza kuingizwa kabla sijawasilisha.